Ukurasa Niliowashia Moto

Mwanangu Batilda,

Barua huanza kwa mwandishi kusema yeye ni mzima na hofu yake iko kwa anayeandikiwa. Mimi naanza kinyume. Wewe ni mzima, nimekusikia ukicheka ng'ambo ya bonde, huko kwa bibi yako ulikokwenda kuaga. Asiye mzima ni mimi, tangu Jumapili. Kesho unaondoka kwenda utawani. Mchana huu nyumba iko tupu, baba yako ameshuka kwenye kahawa, maharage yako kwenye chungu yanasubiri moto, nami nimekaa kwenye kigoda na karatasi nilizochomoa kwenye madaftari yako ya kidato cha nne. Usinune, zilikuwa hazijaandikwa kitu.

Mambo ya sabuni na shuka sitayagusa. Masista wana utaratibu wao, na wewe tangu utoto unapenda utaratibu kuliko mimi. Nakuandikia kuhusu lile neno la Jumapili.

Tulikuwa tunatoka sala ya jumuiya, wote wamekuombea, Mama Redempta amekuwekea mkono kichwani na kusali mpaka watoto wakasinzia. Njiani ukaniambia, kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma: "Mama, usikasirike. Lakini mtu aliyekua kiroho hakai na kinyongo miaka yote hii. Humpi Mama Redempta mkono hata Padre akisema mtakiane amani. Watu wanaona, Mama." Kisha ukasema umemwomba yeye, mama yako wa ubatizo, akusindikize na kukukabidhi kwa masista, kwa kuwa ndiye aliyekulea katika imani.

Niliinama nikavua ndala, nikakung'uta jiwe ambalo halikuwamo.

Batilda, mkono wako huu wa kulia mimi ndiye niliyeushika nikaupeleka kwenye paji la uso, kifuani, bega hili na bega lile, mpaka ukajua njia wenyewe. Kwa hiyo uliposema kwamba amekulea mwingine, nilihisi umenisaliti. Naliandika hivyo hivyo kwa sababu nimechoka kulizungusha. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba maneno yale hayakuwa yako. Kukua kiroho, kukomaa kiroho, kinyongo ni kutu ya roho: nayajua yanakotoka, yamepikwa kwa Mama Redempta, kwenye nyumba ile yenye bati jipya karibu na kanisa la kigango.

Sasa nikueleze kisa chenyewe, maana ulipoanza kuelewa mambo ya watu kilikuwa kimeshafunikwa.

Mama Redempta alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Tuliolewa kijiji hiki mwaka mmoja, wote wageni, wote tukiogopa mama wakwe. Tukalima pamoja, leo kwangu, kesho kwake. Wewe unaijua kazi ya ngolo, ingawa siku hizi unaikwepa kwa kisingizio cha kwaya: wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari mpaka mteremko wote unakuwa wa miraba, halafu wanawake tunakuja na majembe kuchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika. Kazi ile mnaifanya mmeinama wawili wawili, vichwa karibu, kutwa nzima. Hakuna siri inayodumu mdomoni mwa mwanamke kwenye ngolo. Nadhani nusu ya maisha ya akina mama wa Umatengo imesemwa kwenye ule mteremko, udongo ukaifunika.

Ulipozaliwa nilimtaka yeye akusimamie ubatizo. Hakuna aliyenishauri, nilimchagua kwa akili zangu. Alikuwa anasali vizuri kuliko sisi wote. Mimi nikifumba macho namwona mbuzi aliyekatika kamba. Yeye akifumba macho, uso wake unabadilika. Nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyoonekana akiwa karibu na Mungu, na nilitaka uwe na mama wa aina hiyo, kwa sababu wa aina yangu ulikuwa naye tayari.

Halafu Otmari akafa. Ulikuwa darasa la pili, unamkumbuka kidogo, unamkumbuka hasa alivyokuwa akikuvuta nywele. Alianza homa asubuhi, jua lilipozama hatukuwa naye. Mama Redempta ndiye aliyemwogesha mdogo wako kwa mara ya mwisho. Mimi sikuweza. Aliniletea uji, alinisuka, alilala kwangu sakafuni matanga yote. Sitamwibia hilo, lilitokea, na ndiyo maana lililofuata liliuma vile. Adui akikupiga unajua ulikuwa unamsubiri.

Wakati ule mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha watoto wa komunyo ya kwanza pale kigangoni. Niliendelea. Nilisimama mbele yao nikasema Mungu ni mwema, wakarudia Mungu ni mwema, na ndani yangu hakukuwa na kitu. Rozari nilikuwa naishika kama mtu anavyoshika punje za mahindi. Nilikaa hivyo mwaka mzima na zaidi, midomo inakwenda, moyo umekufa ganzi. Baba yako sikumwambia, alikuwa na ganzi yake.

Nilimwambia Mama Redempta. Tulikuwa kwenye ngolo ya kwake, tumeinama. Nikamwambia, "Mwenzangu, mimi sisali tena. Nafungua mdomo tu. Nikipokea komunyo nasikia ladha ya unga. Sijui hata kama namwamini." Aliacha jembe. Alinishika mabega akalia na mimi. Akaniambia, "Limefika, limeishia hapa." Niliporudi nyumbani siku ile nilikula ugali wa kwanza uliopita kooni bila kusukumwa na maji.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa na jumuiya nyumbani kwa mzee Kapinga. Tukasoma Injili, tukaimba, tukafika kwenye nia za sala, kila mmoja anataja lake. Ilipofika zamu ya Mama Redempta akafumba macho, uso ukabadilika kama kawaida. Akasema, "Ee Bwana, tunamleta kwako dada yetu Walburga. Tangu umchukue mwanawe, imani yake imezimika. Anapokea mwili wako na ladha yake ni unga mdomoni mwake. Anawafundisha watoto asichokiamini. Umrudishe, Bwana, kabla hajapotea na wadogo hawa. Ee Bwana."

Nao wote, kwa sauti moja, "Twakuomba utusikie."

Mimi pia niliitikia. Mdomo ulishazoea. Nikaangalia mkeka. Ule mkeka wa mzee Kapinga ulikuwa umefumuka pembeni, ukili mmoja umetoka, na mpaka leo naweza kukuchorea ulivyokuwa. Hakuna aliyeniangalia, na wote walikuwa wananiangalia.

Baada ya hapo ikawa zamu ya wema wa watu. Walikuja akina mama wawili wawili kunisalia. Mmoja alinyunyizia maji ya baraka mpaka kwenye mtungi wa kunywa. Mwingine alinong'ona kuhusu pepo, kisha akaomba mbegu za maharage. Katekista akaja na ujumbe wa Paroko kwamba nipumzike kidogo kufundisha, nipate muda wa kuponywa. Neno alilotumia ni kupumzika. Nilimpa kitabu cha mafundisho na chaki zilizobaki. Jumapili zilizofuata nilisikia watoto wakiimba nyimbo nilizowafundisha mimi, na aliyesimama mbele yao alikuwa Mama Redempta.

Nilimfuata. Usidhani mama yako ni mtu wa kununia pembeni tu. Nilimkuta anaanika kahawa, nikamuuliza, "Kwa nini?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, hilo ndilo lililonimaliza. "Kwa nini nini? Nilikuwa nakuombea. Ulitaka nikuache upotee?"

"Ungeniombea kimya."

"Sala ya wengi ina nguvu, Walburga. Siku utakapokua kiroho utanishukuru."

Unaona sasa ulikoyaokota. Miaka yote hiyo imepita, neno lile lile limenirudia kupitia mdomo wa mwanangu. Mpaka leo sijui kama alifanya kwa nia mbaya. Nimelala na swali hilo kuliko nilivyolala na baba yako. Wakati mwingine nadhani aliona nafasi ya kupanda, akanikanyaga. Wakati mwingine nadhani aliamini kabisa kwamba ananisaidia, na hilo linaniogopesha zaidi, kwa sababu mtu wa namna hiyo huwezi kumfanya aone alichokifanya.

Sala yangu ilirudi, kama unataka kujua. Haikurudi kwa sababu yao. Ilikuwa msimu wa ngolo, baba yako anaumwa mguu, hakuna wa kunilazia nyasi, nikazilaza mwenyewe, kazi ya mwanamume, kisha nikaingia kuzifunika mwenyewe. Hakuna mwenzangu wa kuinama naye tena. Katikati ya mteremko nikasimama nikamgombeza Mungu kwa sauti. Nilimwambia kila kitu, cha Otmari, cha mkeka, cha chaki. Nilimwita majina ambayo sitayaandika kwenye barua ya mtu anayekwenda utawani. Mzee aliyekuwa anapita chini akadhani namfukuza nyani, akanipigia kelele kunisaidia. Nikacheka, nikafunika mraba uliofuata. Jioni nikagundua kwamba nilikuwa nimeongea na Mungu kutwa, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mtoto afe.

Hiyo ndiyo sala yangu, Batilda. Haina uso unaobadilika. Wengi waliendelea kuniona kama mtu aliyepoa, nami sikuwarekebisha, kwa sababu nilishajifunza kinachotokea ukieleza.

Sasa nifike kwenye habari ya Lituhi, kule ziwani.

Ulikuwa wakati ule chama cha ushirika kilipoanza kuyumba na magari ya wanunuzi binafsi wa kahawa yakaanza kupanda huku kwetu. Unakumbuka mlivyokuwa mkikimbilia magari yale na wenzako. Kila nyumba ilikuwa na kauli yake, huyu anauza kwa fulani, yule anasubiri chama, watu waliokula pamoja wakaanza kufichana hata siku ya kuvuna. Mume wa Mama Redempta akawa wakala wa wanunuzi, ndipo bati jipya lilipoingia. Sisi tulisubiri chama, na tulisubiri sana. Nikaamua kubeba maharage mpaka ziwani nibadilishe na samaki. Nikateremka na akina mama wengine kupitia kijiji cha Ruanda, miguu ikawaka moto, tukafika Lituhi. Alfajiri iliyofuata nilienda peke yangu ufukweni kuwahi mitumbwi iliyokuwa inaingia na dagaa na mbasa.

Nilimwona Mama Redempta. Naye akaniona. Hatukusalimiana.

Nilianza barua hii ili nikuambie nilichokiona. Huo ndio ukweli wa barua hii, usidhani nilikaa kwenye kigoda kwa ajili ya mashauri. Nilisema moyoni, mtoto anakwenda na mwanamke huyu kesho, ana haki ya kujua anakabidhiwa na nani. Nikaandika ukurasa wa nne. Nikaujaza mbele na nyuma.

Ukihesabu utaona ukurasa huo haupo. Usiutafute sakafuni wala usimuulize baba yako, hajui. Nimewashia moto. Mvua ya jana imelowesha kuni, nilikuwa nimehangaika na maganda ya mahindi mpaka macho yakavimba, na karatasi ile ilishika mara moja. Maharage yameanza kuchemka sasa hivi.

Nitakuambia kwa nini. Nilipomaliza niliusoma. Ulikuwa umeandikwa vizuri kuliko hizi zingine zote, mwandiko umetulia, kila neno lake ni kweli, hakuna nililoongeza. Nikarudi kwenye mstari wa kwanza kuangalia nilivyoanza. Nilikuwa nimeanza hivi: Mwanangu, nakuambia haya kwa ajili ya faida ya roho yako.

Nikamsikia yeye. Ilikuwa sauti yake kabisa, imekaa ndani ya mwandiko wangu, imefumba macho. Nikaukunja ukurasa nikausukuma chini ya kuni kabla sijapata muda wa kujishauri.

Jina la Lituhi nimeliacha libaki kwa sababu kwenda Lituhi si dhambi, hata mimi nilienda.

Lakini haikuwa mara ya kwanza kulimeza jambo hilo. Wiki ile niliyorudi kutoka ziwani jumuiya ilikuwa kwa mzee Kapinga tena. Njia nzima ya kupanda, samaki kichwani, nilikuwa natunga sala. Niliitunga vizuri, na wewe unajua sina kipaji hicho. Ee Bwana, tunamleta kwako dada yetu Redempta. Nilikuwa na kila kitu, hata pale pa kushusha sauti. Tukafika kwenye nia. Alikuwa amekaa mbele yangu, wewe umemlalia pajani, mtoto wangu mwenyewe. Hakuwa amefumba macho siku ile. Nia zikazunguka, zikamkaribia jirani yangu, nikaona vidole vya Mama Redempta vimeifinya rozari mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Akatazama chini, kwenye mkeka. Ulikuwa mkeka ule ule, ukili umezidi kutoka.

Nilijua mkeka ule unaonekanaje kwa mtu anayesubiri kutajwa. Katika nyumba ile nzima nilikuwa mtu pekee aliyejua. Nikafungua mdomo, kikatoka hiki: "Kwa wagonjwa wote wa kijiji chetu, na kwa ajili ya mvua. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia. Yeye sauti yake ilichelewa.

Ungependa nikuambie kwamba nilijisikia mwepesi, kwamba kulikuwa na amani. Sikuhisi kitu. Nilihisi njaa. Nilirudi nyumbani nikampiga mbuzi teke bila kosa lolote, na baba yako akaniuliza, "Mwenzetu unatoka kusali au unatoka kupigana?" Nikamwambia vyote viwili, naye akacheka akijua natania. Usiku kucha nilijilaumu kwa kupoteza nafasi ambayo Mungu mwenyewe alikuwa ameniwekea mkononi.

Naye Mama Redempta hakuja kunishukuru. Hajaja mpaka leo. Hakuniomba radhi kwa lile la kwanza wala hakulipa hili la pili. Alisubiri mwezi mmoja, miwili, alipoona sisemi akanyoosha mgongo, sala zake zikarefuka zaidi ya zamani. Na akaanza kukuita nyumbani kwake, Batilda njoo tusali novena, Batilda njoo tusome maisha ya watakatifu. Nilikuacha uende. Alikuwa mama yako wa ubatizo, ningekuzuia kwa maneno gani ambayo yasingekuwa kusema nilichokiona? Nilinyamaza kwa ajili yake, naye akautumia ukimya wangu kukuonyesha mama asiyekua. Hapo ndipo ninapolia, mwanangu. Lile la kwanza nililizoea. Hili la wewe ni bichi.

Sasa kuhusu kukua. Huko unakokwenda watakupima. Watakuangalia unavyoamka, unavyopiga magoti, unavyojibu ukikaripiwa, na ni haki yao, hawana kipimo kingine. Mimi nilimpima mtu kwa uso wake wakati wa sala, nikampa mtoto wangu na siri yangu. Ukikosea, kosea kwa namna nyingine.

Najua kidogo sana. Najua kwamba nyasi zikishafunikwa kwenye ngolo hakuna anayezishangilia. Zinaoza humo, na ukiwa na wasiwasi ukafukua kuangalia kama zimeoza, umeharibu tuta na maharage ya mwaka huo huna. Mimi nilifukuliwa. Nimekaa miaka nikitamani kumfukua mwenzangu, na kila nilipoliacha jembe chini sikujiona mtakatifu, nilijiona mjinga. Kama huko ndiko kukua, basi anayekua ni mtu wa mwisho kupata habari. Wakati wote ule unadhani umedumaa, na hata mtoto wako anakuambia umedumaa.

Wala usidhani nimefika. Mtu aliyekua kweli asingekuambia hata kwamba anajua kitu. Kukuambia nina siri ya mtu nako ni nusu ya kuitoa, na nilipofikiria kuchoma barua nzima, kuanzia ukurasa wa kwanza, mkono ulikataa. Nilitaka ujue. Nilitaka mtu mmoja duniani ajue kwamba nilitendewa vile na kwamba mimi sikutenda. Nimefika hapo tu, pa kuchoma ukurasa mmoja kati ya hizi.

Mkono wa amani sikumpa Mama Redempta, hapo umesema kweli. Nilijaribu mara nyingi kimoyomoyo, nikifika kanisani unakuwa mzito. Sijui kama huo ni kinyongo au ni ukweli unaokataa kuigiza. Labda ni vyote viwili, kama lile jibu nililompa baba yako. Kesho akija kukuchukua nitamkaribisha ndani, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule. Nitampa maharage haya haya. Nikiweza mkono, nitautoa. Nisipoweza, usinitazame kwa yale macho ya Jumapili, bado niko shambani.

Nenda naye. Keti karibu naye kwenye gari, mshikie mzigo wake kwenye kona, mgongo unamsumbua na huwa hasemi. Alimwogesha Otmari. Usimuulize chochote kuhusu ziwani, wala usimchunguze usoni kutafuta nilichokichoma. Najua nimekupa kazi ngumu, na nimekupa kwa sababu mimi imenishinda kuibeba peke yangu.

Nasikia sauti yako inapanda kutoka mtoni, naye Mama Redempta yuko na wewe, mnaimba. Nakunja karatasi, naziweka juu kabisa ya sanduku, kwenye shuka, uzikute usiku huu kabla hujalifunga.

Huko nako mtakuwa na zamu ya kutaja nia. Itafika kwako, na wenzako watakuwa wanasikiliza, na utakuwa na mengi ya kusema juu ya mama uliyemwacha. Niombee, Batilda, nahitaji. Taja jina langu tu, halafu unyamaze.

Mama yako,
Walburga